Kutoka Kidole Gumba Hadi Picha ya Ubongo: Safari ya Kulitafuta Chimbuko la Kifafa

Upasuaji wa kifafa ni kuondoa kipande cha ubongo ambamo mishtuko huanzia, ili ubongo uliobaki ufanye kazi yake bila kuvurugwa. Haufanywi kwa kila mgonjwa. Wengi hutulizwa na dawa, na tangu 2010 shirikisho la kimataifa la wataalamu wa kifafa huhesabu ugonjwa huo kuwa sugu pale dawa 2 zilizochaguliwa vizuri, na kumezwa inavyotakiwa, zinaposhindwa kuuzuia. Takriban mgonjwa 1 kati ya 3 hufikia hapo. Kwa baadhi yao kisu kinaweza kusaidia, mradi ijulikane kikate wapi, na hapo ndipo penye kazi, kwa kuwa ubongo ukitazamwa kwa macho mara nyingi hauonyeshi chochote. Siku hizi jibu hutafutwa kwa picha, hata ni rahisi kudhani kwamba picha ndizo zilizouzaa upasuaji huu. Sivyo. Wapasuaji walikuwa wamekwisha kufungua mafuvu kwa sababu ya kifafa kwa miaka zaidi ya 80 kabla ya mashine ya kwanza kuonyesha nyama ya ubongo wa mtu aliye hai.

Ramani yao ya kwanza ilikuwa mwili wa mgonjwa mwenyewe. Aliyejifunza kuisoma ni John Hughlings Jackson, daktari wa hospitali ya Queen Square, London, iliyoanza kupokea waliopooza na wenye kifafa mwaka 1860. Enzi hizo wakubwa wa tiba walifundisha kwamba mishtuko hutoka chini kabisa, kwenye shina la ubongo, panapoungana na uti wa mgongo. Jackson aliwaangalia kwa makini wagonjwa ambao hawakuanguka mara moja. Kwa mmoja kidole gumba kilianza kujikunja chenyewe; kikafuata cha shahada, kisha kiganja, mkono mzima, upande wa uso, mwishowe mguu, na muda wote huo mgonjwa anajua kinachompata. Siku nyingine akishikwa tena, mwendo ni uleule, kuanzia gumba. Jackson alihitimisha kwamba mshtuko wa namna hiyo hauwezi kutoka kwenye shina. Lazima uanzie mahali pamoja juu ya ubongo, upande wa pili wa mkono unaotikisika, kisha usambae kwa majirani kama moto unavyotambaa kwenye majani makavu. Jambo hilo aliliona hata nyumbani kwake: mke wake, Elizabeth, aliugua mishtuko ya aina hiyo kabla ya kufariki mwaka 1876.

Uthibitisho ulitoka kwa wanyama. Mwaka 1870, mjini Berlin, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig waligusa uso wa ubongo wa mbwa kwa umeme hafifu, na mguu wa upande wa pili ukacheza. Kuanzia 1873 David Ferrier aliendeleza kazi hiyo Uingereza, akapata ramani ya ubongo wa nyani iliyokuwa na mahali pa mkono, pa mguu na pa uso. Ikaeleweka pia kwa nini gumba lilitangulia mara nyingi: eneo la ubongo linaloliongoza ni kubwa mno kwa udogo wa kidole chenyewe.

William Macewen wa Glasgow alikuwa wa kwanza kuthubutu kuzitumia ramani hizo. Mwaka 1876 alimwona mtoto wa kiume aliyekuwa na jipu ndani ya kichwa, akasoma mishtuko na kuharibika kwa usemi wake, akataja mahali jipu lilipo na kutaka kulitoboa. Wenye mtoto wakakataa. Mtoto alipofariki, fuvu lilifunguliwa na jipu likakutwa palepale. Miaka 3 baadaye Macewen alimfanyia upasuaji msichana mmoja kwa njia hiyohiyo ya kusoma mwili, akaondoa uvimbe, na msichana akapona.

Upasuaji unaotajwa zaidi ulifanywa Queen Square tarehe 25 Mei 1886. Mpasuaji alikuwa Victor Horsley, kijana wa miaka 29. Mgonjwa alikuwa Mskoti wa miaka 22 aliyegongwa na gari la farasi utotoni, fuvu likabonyea, na tangu hapo kifafa hakikumwacha. Alipolazwa hospitali alihesabiwa mishtuko zaidi ya 2,000 kwa wiki mbili. Jackson na Ferrier walikuwapo. Horsley alifungua fuvu penye kovu la zamani, akalikata kovu pamoja na ukingo wa ubongo uliolizunguka. Mishtuko ikakoma. Mgonjwa wa pili wa mwaka huohuo ndiye anayeonyesha vizuri zaidi hali ilivyokuwa, kwa sababu kichwa chake hakikuwa na alama yoyote kwa nje. Kilichojulikana tu ni kwamba kila mshtuko ulianza kwa gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kubanana kama koleo. Horsley alifungua upande wa kulia, mahali ramani ya nyani iliposema gumba litakuwa, na chini yake akakuta uvimbe wa kifua kikuu.

Si haba kwa watu wasiokuwa na picha. Lakini njia hiyo ilikuwa na mipaka, na mipaka yake ilionekana mapema. Gumba lilionyesha njia kwa sababu sehemu inayoongoza mikono inajulikana na iko juu juu. Wagonjwa wengi mishtuko yao haianzi kwa kidole. Huanza kwa hofu isiyo na sababu, harufu ambayo hakuna mwingine anayeisikia, joto linalopanda kutoka tumboni, au hisia kwamba tukio hili limewahi kutokea. Kisha mtu hukodoa macho, hutafuna bila chakula, hufikicha nguo yake, na akizinduka hakumbuki kitu. Jackson aliziita hali za ndoto. Mwaka 1898, pamoja na mwenzake Colman, alieleza habari za daktari mmoja aliyekuwa na hali hizo kwa miaka mingi. Baada ya kufa, ubongo wake ulikutwa na kidonda kidogo sana upande wa ndani wa sehemu iliyojificha nyuma ya panja. Ilikuwa ishara ya kwanza thabiti kwamba chimbuko la kifafa cha aina hiyo liko panjani, lakini aliyeipata alihitaji maiti.

Eksirei ilipogunduliwa mwaka 1895 haikusaidia sana, maana ilionyesha mfupa na kuuacha ubongo. Walter Dandy wa Baltimore alipata hila mwaka 1918: akaondoa maji yaliyomo katika vyumba vya ndani vya ubongo na kuingiza hewa, nayo hewa ikajichora kwenye eksirei. Mwaka uliofuata aliiingiza kupitia mgongoni. Picha ilikuwa ya vyumba tu, si ya ubongo wenyewe, ila kovu kubwa huvuta chumba kilicho karibu nalo, na mvuto huo ukawa dalili. Kwa mgonjwa ilikuwa adhabu: hewa ilileta kichwa kuuma vibaya na kutapika. Hata hivyo njia hiyo ilidumu zaidi ya nusu karne, kwa kuwa hapakuwa na nyingine.

Otfrid Foerster alikuwa akiitumia mjini Breslau, pamoja na kugusa ubongo kwa umeme mgonjwa akiwa macho. Mwaka 1928 Mmarekani mmoja, Wilder Penfield, alikaa kwake kwa miezi kadhaa, kisha akaenda Montreal, ambako Taasisi ya Neurolojia ilifunguliwa chini yake mwaka 1934. Upasuaji wa Montreal unafaa kutazamwa kwa karibu. Ganzi ilipigwa kwenye ngozi ya kichwa tu, maana ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Mgonjwa alilala ubavu, uso wake nje ya shuka, mtu mmoja ameketi mbele yake akizungumza naye. Penfield aligusa sehemu moja kwa ncha yenye umeme, mgonjwa akasema kidole kimecheza au ulimi umekufa ganzi, na mahali hapo pakawekwa kikaratasi chenye namba. Kikafuata kingine. Iwapo mguso mmoja uliamsha ileile harufu au hofu ya mwanzo wa kifafa chake, mpasuaji alijua amekaribia. Kamera ilipiga picha ya ubongo ukiwa umejaa vikaratasi. Kwa wakati huo hiyo ndiyo iliyokuwa picha ya chimbuko la kifafa, nayo ilipatikana baada ya fuvu kufunguliwa, si kabla.

Kilichokuja kuwaongoza kabla ya kisu ni mawimbi ya umeme. Hans Berger wa Jena, Ujerumani, aliyanasa kwenye kichwa cha mtu mwaka 1924 na kutangaza mwaka 1929. Kipimo hicho, EEG, kilionyesha miiba mikali ya mawimbi kwa wenye kifafa hata wakiwa wametulia. Herbert Jasper alikileta Montreal mnamo miaka ya 1930, na yeye na Penfield wakafanya kazi pamoja hadi kutoa kitabu chao kikubwa mwaka 1954. Chicago, Percival Bailey na Frederic Gibbs walikwenda mbali zaidi: waliondoa ubongo wa panjani kwa ushahidi wa mawimbi pekee, bila uvimbe wala kovu linaloonekana, wakachapisha matokeo mwaka 1951. Kukata ubongo unaoonekana mzima kwa kuamini mchoro wa wino kulihitaji moyo, na si wenzao wote waliokubali.

Miaka miwili baadaye yakatokea yaliyoonyesha hatari ya kukata bila kupata mahali. Mwaka 1953, katika mji wa Hartford, Marekani, William Scoville alimfanyia upasuaji Henry Molaison, kijana wa miaka 27. EEG haikuwa imeonyesha chanzo kimoja. Scoville aliondoa sehemu za ndani za panja zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo kilichojikunja mfano wa farasi wa baharini. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008 Molaison hakuweza kuweka kumbukumbu mpya. Mtu aliyetoka chumbani kwa dakika chache alikuwa mgeni tena akirudi. Brenda Milner wa Montreal alimchunguza, na makala yake na Scoville ya 1957 ikaweka wazi kwamba kulijua chimbuko ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua sehemu hiyo inafanya nini, na kama upande wa pili unaweza kubeba mzigo peke yake. Kwa swali hilo Montreal ilitumia njia ya Juhn Wada, daktari kutoka Japani: kuulaza upande mmoja wa ubongo kwa dawa iliyoingizwa kwenye mshipa wa shingo, kisha kumpima mgonjwa usemi na kumbukumbu upande huo ukiwa umelala.

Paris ilishika njia yake. Katika hospitali ya Sainte-Anne, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, Jean Talairach na Jean Bancaud walikataa kutegemea mawimbi ya juu ya ngozi na ya kati ya mshtuko na mshtuko. Walitaka kuona mshtuko wenyewe ukianza, ndani. Kichwa kilifungwa kwenye fremu, eksirei za hewa na za mishipa ya damu zikapigwa ili kupata vipimo, kisha nyuzi nyembamba za kunasa umeme zikapitishwa kwenye matundu madogo hadi kilindini. Ikumbukwe kwamba hapa picha haikutumika kuonyesha ugonjwa. Ilitumika kama dira ya kuepuka mishipa na kujua uzi umefika wapi.

London nako, Murray Falconer aliitoa sehemu ya panja ikiwa kipande kimoja, tofauti na waliokuwa wakiinyonya vipande vipande, ili wataalamu wa maabara waichunguze nzima. Wakakuta mara nyingi hipokampasi imesinyaa na kukakamaa, jambo lililowahi kuonekana kwenye maiti na madaktari wa Ufaransa mwaka 1825 na Mjerumani Wilhelm Sommer mwaka 1880. Mwaka 1971 kundi hilohilo lilieleza kasoro nyingine: viraka vya gamba la ubongo ambavyo seli zake zilijipanga ovyo tangu tumboni mwa mama. Kwa hiyo wakati mashine za picha zinabisha hodi, kitu cha kutafutwa kilikuwa kimekwisha kujulikana kwa sura. Hilo ni deni ambalo historia za mashine hulisahau.

Tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza aliingizwa kichwa katika mashine ya CT ya Godfrey Hounsfield, ile ya kwanza kuonyesha nyama ya ubongo wa mtu aliye hai, hospitali ya Atkinson Morley, London. Hesabu za msingi za namna hiyo ya kupiga picha zilikuwa zimefikiriwa pia na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alipokuwa Cape Town katika miaka ya 1950. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1979. CT iliyazika mateso ya hewa. Ilionyesha uvimbe, damu iliyovuja, vitu vyenye chokaa. Kilichowakwepa waliokuwa wakitafuta kifafa ni kilekile walichokitaka zaidi: hipokampasi iliyosinyaa na viraka vya gamba vilionekana kwa shida, au havikuonekana kabisa.

Kwa Afrika Mashariki CT imefanya kazi ya aina nyingine. Kaskazini mwa Tanzania, utafiti wa Haydom uliochapishwa mwaka 2009 uliwapiga picha watu wenye kifafa na kuwakuta baadhi yao na vifuko vya viluwiluwi vya tegu wa nguruwe ubongoni. Kwa wengi wa namna hiyo chanzo kimeonekana, lakini tiba yake kwa kawaida ni dawa, na kinga yake ni choo na nyama iliyoiva.

Katika Los Angeles, mwanzoni mwa miaka ya 1980, David Kuhl, Jerome Engel na Michael Phelps walitumia PET: mgonjwa hudungwa sukari yenye mnunurisho hafifu, na mashine huonyesha sehemu zinazoila zaidi. Wengi wangetarajia chimbuko la kifafa ling'ae. Ikawa kinyume. Kati ya mshtuko na mshtuko, panja lenye ugonjwa lilionekana limefifia, kama nyumba moja iliyokatiwa umeme mtaani. Lakini giza hilo lilikuwa pana kuliko kidonda. Lilisema upande na mtaa, halikutaja mlango.

Kuuona mshtuko wenyewe ukiwaka kulihitaji hila ya wakati. Kipimo cha SPECT hutumia dawa inayosafiri na damu na kunasa ubongoni ndani ya dakika chache, ikabaki hapo kwa saa kadhaa. Kwa hiyo muuguzi huketi karibu na kitanda, bomba la sindano limekwisha kujazwa, EEG na kamera zikiendelea kurekodi. Mgonjwa amepunguziwa dawa zake ili kifafa kije. Kinaweza kuja baada ya dakika kumi au kisije hadi zamu iishe. Kikianza tu, sindano hupigwa kwenye mshipa sekunde hizohizo, na mgonjwa akishatulia hupelekwa taratibu kupigwa picha ya dakika ile iliyopita. Muuguzi akichelewa hata nusu dakika, mshtuko umeshasambaa, na picha itaonyesha ulikokwenda badala ya ulikotoka. Mwaka 1998 Mayo Clinic ilitangaza njia ya kuiondoa kwa kompyuta picha ya siku ya utulivu kutoka picha ya mshtuko, na kinachobaki kubandikwa juu ya picha ya mashine ya sumaku, MRI.

MRI ndiyo iliyobadilisha mambo. Haina mnunurisho, hutumia sumaku na maji yaliyomo mwilini, na hutofautisha nyama na nyama kwa namna CT isivyoweza. Hata hivyo mashine peke yake haikutosha. Vipande vya picha vilivyokatwa kwa pembe ya kawaida viliipita hipokampasi mshazari na kuificha. Mwaka 1990 Graeme Jackson na wenzake wa Melbourne walionyesha kwamba ikikatwa wima, kuvuka urefu wake, ile hali ya Sommer inaonekana wazi kwa mtu aliye hai: hipokampasi ndogo, inayong'aa kupita mwenzake wa upande wa pili. Daktari aliyehitaji maiti mwaka 1898 sasa alihitaji dakika chache. Tangu hapo sumaku zimeongezwa nguvu, vipande vimekuwa vyembamba hadi milimita 1, na viraka vya gamba navyo vimeanza kukamatwa. Bado picha ileile ikisomwa na mtu asiyezoea kifafa huandikiwa kuwa ni ya kawaida, na ikisomwa tena na mzoefu, aliyeambiwa mishtuko inaanzaje, kasoro hujitokeza. Mwili wa mgonjwa bado ndio unaomwonyesha msomaji pa kutazama.

Vipimo vingine vimejaza mapengo. MEG hunasa usumaku mdogo sana wa mawimbi ya ubongo. MRI ya utendaji, iliyoanza na kazi ya Seiji Ogawa mwaka 1990, huonyesha sehemu za lugha mtu akifikiri maneno, na imechukua sehemu kubwa ya kazi ya kipimo cha Wada.

Kuhusu iwapo juhudi zote hizo zinaleta nafuu, jibu bora lilichapishwa mwaka 2001 kutoka London ya Kanada. Samuel Wiebe na wenzake waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 80 wenye kifafa cha panjani kisichotii dawa, 40 wapasuliwe na 40 waendelee na dawa. Baada ya mwaka, asilimia 58 ya kundi la upasuaji hawakuwa na mishtuko ya kupoteza fahamu. Kundi la dawa ni asilimia 8. Uganda, hospitali ya CURE ya Mbale, inayojulikana zaidi kwa watoto wenye vichwa maji, nayo imefanya upasuaji wa panjani, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 2009. Wagonjwa wake walichaguliwa kwa EEG ya video na picha za ubongo, bila msururu mzima wa mashine za Marekani na Ulaya. Kifafa cha panjani kinaruhusu hivyo, kwa kuwa dalili zake, mawimbi yake na picha yake mara nyingi husema jambo moja.

Visiposema jambo moja ndipo kazi inapokuwa ngumu. Wataalamu wa leo hutenganisha maeneo kadhaa: linalotoa dalili, linalotoa miiba ya mawimbi kati ya mishtuko, linaloanzisha mshtuko, na kasoro inayoonekana kwenye picha. Yanaweza kupishana kwa sentimita kadhaa. Mtu anaweza kuwa na makovu matatu na moja tu ndilo linaloanzisha kifafa, au kuwa na kovu lisilo na kosa. Mwingine MRI yake ni safi kabisa, na kwake nyuzi za Talairach na Bancaud, zinazoingizwa sasa kwa kuongozwa na kompyuta na wakati mwingine kwa mkono wa roboti, hubaki kuwa njia ya mwisho. Eneo ambalo likiondolewa kifafa kinakoma halina kipimo chake. Hukadiriwa kwa kuyaweka hayo mengine pamoja mezani, mbele ya mpasuaji, daktari wa mishipa ya fahamu, msomaji wa picha na mwanasaikolojia. Mpaka wake hujulikana baadaye, mgonjwa anapoulizwa, mwaka mmoja baada ya kushonwa, kama ameanguka tena.